Mfenesi Uliokatwa Nikiwa Edani

Msumeno wa mashine ulianza kulia asubuhi, baada ya chai. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa juu ya godoro lililotandikwa chini, mgongo ukutani, kwa sababu mume wangu alikuwa amekufa na nilikuwa katika eda. Kwetu mjane hatoki. Hata uani nilikuwa nikienda kwa haja tu, nimejitanda kanga hadi machoni, na wifi yangu alitangulia kuwaambia wanaume wageuke.

Nilisikia ule mlio ukipanda na kushuka, nikadhani ni jirani anapasua mbao. Kisha ukaja mlio wa matawi yanayovunjika kwa pamoja, na ardhi ikatetemeka chini ya godoro.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyekaa nami kunihudumia edani. Alikuwa jikoni anachambua mchicha. Nikamwita.

"Wifi, hebu nenda katazame nyuma."

"Nitazame nini?"

"Mfenesi."

Alitoka na ungo mkononi. Aliporudi hakuwa na ungo tena. Alikuwa amekumbatia gunia lililolowa, akaliweka chini mbele yangu.

Gunia lile nililijua. Mume wangu alilifunga kwenye shina la mfenesi kabla hajalala kitandani moja kwa moja, kulizuia fenesi moja kubwa lisiliwe na kima. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, lakini fundo alilifunga vilevile alivyokuwa akifunga maua ya kupanda katika bustani ya hoteli aliyofanyia kazi, kule Galu: mizunguko miwili na mkia umefichwa ndani. Akaniambia, "Hili tutalila pamoja." Hatukulila. Alipokufa nikanuia kwamba fenesi lile litaiva karibu na mwisho wa eda yangu, nami nitalikata siku ya khitma yake, nipake kisu mafuta ya nazi kama alivyokuwa akifanya yeye, watu wale. Kila asubuhi nilimwuliza wifi, "Gunia lipo?" Naye akinijibu, "Lipo, limenenepa."

Sasa lilikuwa mbele yangu. Fundo halikufunguka. Ndani, fenesi lilikuwa limepasuka, bichi, kokwa zake laini kama meno ya mtoto, na ulimbo mweupe umegandia nyuzi za gunia. Niliingiza mkono, ukanata. Sikutaka kuupaka mafuta. Nilikaa na mkono ule hivyo hivyo mpaka adhuhuri.

Lazima nieleze jinsi miti ilivyo kwetu, maana mtu wa mbali ataona kuwa tunagombea kitu ambacho hakina ugomvi.

Baba mkwe wangu alikuwa na shamba moja, kati ya Msambweni na Diani. Alipozeeka aliwagawia wanawe wawili wa kiume, lakini aligawa kama wazee wa kwetu walivyogawa: udongo mbali, miti mbali. Kaka mkubwa, ambaye ni shemeji yangu, alipewa upande wa juu, karibu na barabara. Mume wangu alipewa upande wa chini. Lakini minazi iliyokuwa upande wa chini aliachiwa shemeji, kwa kuwa ndiye aliyeipanda pamoja na baba yake alipokuwa kijana. Na kwa kuwa minazi yake ilikuwa imetujazia kivuli kwetu, sisi tukapewa nafasi ya mti mmoja upande wake, nyuma tu ya nyumba yetu, ng'ambo ya mpaka. Hapo mume wangu akapanda mfenesi mwaka aliponioa.

Basi tukaishi hivyo. Shemeji aliingia kwetu na mkwezi wake kuangua nazi bila kupiga hodi, na sisi tukivuka kwake kuchukua mafenesi. Aliyepanda mti ndiye mwenyewe, hata ukisimama katika sebule ya mtu mwingine. Wapima ardhi walipokuja wakaweka mawe ya mpaka, na hati zikatoka. Kwenye hati hakuna mnazi wala mfenesi, kuna udongo tu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefungua mdomo kuuliza. Tuliona kuwa hati ni mambo ya serikali na miti ni mambo yetu.

Hati ya upande wa chini, mume wangu aliiandikisha kwa jina langu. Hatukujaaliwa mtoto. Aliniambia, "Mimi nina ndugu. Wewe una mimi tu."

Shemeji alikuja siku ile ile ya msumeno, baada ya sala ya alasiri. Nilisikia viatu vyake barazani.

"Hodi humu."

"Nani?" wifi akauliza, naye alikuwa akimwona.

"Kaka yako. Sikuja kwako lakini."

"Najua. Weye huji kwa watu wanaoweza kusimama."

Alimpita akaja mpaka kwenye mlango wa chumba changu. Kulikuwa na pazia. Niliona vidole vyake vya miguu chini ya upindo, vina vumbi la mbao, la njano. Mti wa mfenesi una rangi hiyo ndani.

"Shemeji, pole tena kwa msiba."

"Nishapoa."

"Kuhusu ule mti. Nimeukata kwa sheria, usije ukasikia mengine. Nilikwenda kwa chifu, na afisa wa misitu akaja akautazama. Kibali ninacho. Nataka kujenga vyumba, nipangishe wale vijana wa hotelini. Mti ulikuwa katikati ya kiwanja."

"Mti ni wa ndugu yako."

"Kwa mila, ndiyo. Kwa sheria, mwenye shamba ndiye mwenye mti. Nilimwuliza yule afisa, akanijibu hivyo hivyo."

Akapitisha karatasi chini ya pazia. Mimi nilifika darasa la saba, na muhuri ninaujua. Niliitazama, nikairudisha kwa kidole.

"Nimesikia," nikasema.

Akaiokota karatasi yake. Alipoondoka wifi akaingia, amejishika kiuno.

"Nimesikia! Ndiyo nini, wifi? Ungempigia ukelele hata mmoja, majirani wakajaa."

"Wangejaa, halafu wangeondoka."

"Basi tukamsomee halbadiri. Mie najua mwalimu anayeisoma vizuri. Atavimba tumbo huyo, kaka yangu au si kaka yangu."

"Halbadiri ni ya mwizi asiyejulikana," nikamwambia. "Wangu namjua."

Watu walikuja kunipa pole na kuniona nimekonda, wakasema mapenzi hayo. Sikuwasahihisha, lakini hapa nitasema kweli. Mume wangu nilimlilia, na bado namlilia. Ila katika ile eda, kulia kulikuwa na saa zake, na chuki ilikuwa na saa zote zilizobaki. Nilikuwa nikimaliza kusali naomba mume wangu apanuliwe kaburi, kisha kwa ulimi huo huo naomba ndugu yake abanwe. Mti si kitu kilichonichoma zaidi. Miti hukatwa. Kilichonichoma ni siku aliyoichagua. Mfenesi ulisimama pale miaka yote ya ndoa yangu, mimi nikiwa natembea, ninaweza kwenda kusimama mbele yake na kuushika. Yeye akangoja mpaka nimewekwa nyuma ya pazia ambalo dini na aibu vimelishika pande zote mbili, ndipo akaita msumeno.

Jibu la kumpa nilipata hapo hapo kwenye godoro. Shemeji alikuja na mkwezi wake kuangua, kama kawaida, nami nikasikia nazi zikianguka. Puu. Kimya. Puu. Nilikuwa nahesabu tasbihi, nikaacha. Zilikuwa zinaanguka kwenye udongo wangu. Nazi zile ndizo zilizomlisha shemeji na kusomesha wanawe. Wanunuzi wa Ukunda huzichukua hapo hapo shambani. Na maneno yake mwenyewe yalikuwa bado yanakaa pale kwenye pazia: mwenye shamba ndiye mwenye mti.

Kuanzia siku ile nilikula vizuri. Wifi akafurahi, akadhani ninapona.

Eda ilipokwisha nikaoshwa, nikavaa nguo mpya, khitma ikasomwa. Watu walikula pilau. Fenesi halikuwepo. Asubuhi iliyofuata nikachukua hati yangu, nikamwambia wifi tunakwenda kwa chifu.

Chifu alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. Alisema minazi si miti ya kukatwa kiholela, kwamba hata ikiwa ni ndani ya shamba lako mwenyewe lazima afisa aje aione kwa macho, na kwamba lingekuwa jambo jema nikazungumze kwanza na shemeji yangu.

"Alizungumza nami kwanza yeye?" nikamwuliza. "Ulipomwandikia barua ya ule mfenesi, ulimwambia azungumze nami?"

Chifu akavuta kiti chake mbele. "Ulikuwa edani, mama."

"Ndiyo."

Akaandika barua.

Afisa wa misitu aliteremka kutoka Kwale kwa pikipiki, mwanamke wa bara, kijana, na buti zake. Alizunguka minazi yote, akaishika moja moja. Chifu alikuwa nyuma yake, na wifi nyuma ya chifu.

"Mama, hii minazi ni yako?"

"Hapana. Ni ya shemeji yangu."

Akasimama. "Sasa mbona ni wewe unaomba?"

"Shamba ni langu," nikampa hati.

Aliisoma, akanitazama, akamgeukia chifu. "Hapo sasa nimepotea."

"Huku pwani," chifu akamweleza, "shamba lina mwenyewe na mti una mwenyewe."

"Kwa sheria hiyo siijui. Mwenye shamba ndiye anaomba."

"Basi mwenye shamba anaomba," nikasema.

"Sawa. Na sababu? Nitaandika unakata kwa sababu gani?"

"Andika kisasi."

Wifi alikohoa mpaka akashika mnazi. Yule binti aliinua kalamu. "Mama, hiyo siwezi kuandika."

"Andika imezeeka!" wifi akadakia. "Si umeiona ilivyo mirefu? Si uongo huo."

"Si uongo, lakini si sababu yangu," nikasema.

Afisa akafikiri, nami nikaona anataka kucheka na anaogopa. "Mama, ukikata, ni lazima upande miti mingine mahali pake. Hilo ni sharti. Je, utapanda?"

"Nitapanda."

"Basi nitaandika mwenye shamba anataka kupanda miti mingine. Hiyo ni kweli?"

"Hiyo ni kweli."

Akatoa kopo la rangi nyekundu, akatia alama kila shina, kwa kimo cha kifua. Kibali chenyewe nilikwenda kukichukua baadaye ofisini kwake, huko juu. Kilikuwa na muda wake: usipokata ndani ya muda huo, kinakufa.

Shemeji aliona alama zile alipokuja na mkwezi. Safari hii alipiga hodi. Nilikuwa nimekaa barazani, uso wazi, na yeye akabaki amesimama uani juani.

"Shemeji, nini hii?"

"Kibali," nikasema. "Nimekwenda kwa chifu, na afisa akaja akatazama."

"Minazi hii nilipanda na baba yangu. Mimi nilishika mche, yeye akafukia. Unajua."

"Najua."

"Umepikia nazi zake miaka yote."

"Nimepikia. Nawe umekula mafenesi."

"Hii si haki, shemeji. Hata mila yenyewe..."

"Usiniletee mila," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya chini hivi ninavyozungumza siku zote. "Mila uliikata na ule mti. Kilichobaki ni sheria, na sheria ulinisomea wewe, pale kwenye pazia."

Wifi alikuwa kwenye kizingiti. "Kaa basi, kaka, utaanguka. Mnazi wenyewe bado haujaanguka."

Akakaa kwenye ngazi. Alianza kusema habari za vyumba, kwamba angenipa kimoja, niwe napokea kodi yake mpaka nife. Kwamba angenipandia mfenesi mwingine. Nilimwacha aseme. Alipochoka nikamwuliza kitu kimoja tu.

"Kwa nini ulikata nikiwa ndani?"

Alitazama miguu yake. Shemeji si mtu mwongo, lazima niseme hivyo; ubaya wake ni wa namna nyingine. "Kwa sababu ungetoka," akasema. "Ungesimama pale, na yule fundi asingekata. Nami nisingemlazimisha. Nilijua hivyo."

"Ulichagua siku."

"Nilichagua."

"Basi na mimi nakuchagulia. Nina ruhusa ya kuikata yote. Ukitaka ukae nje, huru, utazame, nitaikata yote. Ama utaingia chumbani kwangu, ukae juu ya godoro lile lile, pazia lishushwe, usitoke mpaka uitwe. Ukifanya hivyo nitakata mmoja."

"Upi?"

"Hutaambiwa."

Siku ya siku nilimwita fundi yule yule aliyekata mfenesi. Hakutaka kunitazama machoni, nami sikuwa na neno naye. Shemeji alikuja amevaa kanzu, kama anakwenda msibani. Alivua viatu mlangoni, akaingia. Godoro nilikuwa nimelitandika pale pale, na kando yake nimeliweka lile gunia, limekauka, gumu kama ngozi, fundo halijafunguliwa. Nikashusha pazia. Wifi akaketi nje yake, anapukuchua kunde.

Msumeno ulipowaka nilimsikia akiinuka.

"Rudi chini, bwana," wifi akamwambia. "Uko edani."

Mnazi haulii kama mfenesi. Msumeno unaingia kwa urahisi kwanza, kisha unakoroma. Nilikuwa nimesimama pale ambapo ningeweza kuona mnazi na pia kusikia chumbani.

"Ni upi?" akauliza kutoka ndani.

Wifi akachukua ganda jingine la kunde.

"Shemeji, ni upi? Ni ule wa kwanza tuliopanda na baba? Ule wa karibu na kisima?"

Kunde zikaendelea kudondoka kwenye sufuria.

"Dada yangu, wewe niambie. Dada, nakuomba. Ni ule wa baba?"

Wifi aliinua macho kunitazama. Yake yalikuwa yamejaa maji, maana baba yule alikuwa wake pia, na hilo nilikuwa sikulifikiria. Nilitikisa kichwa kumkataza, akainamia kunde zake. Mnazi ukainama taratibu, makuti yakapiga kelele kama mvua, na ardhi ikatetemeka. Ulikuwa ule wa karibu na kisima.

Kutoka ndani haukuja ukelele. Ilikuja sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa mdomo, mara moja, basi. Nilikuwa nimeingoja sauti ile eda nzima. Nilifurahi. Wengine huandika kwamba kisasi kikifika huwa hakina ladha. Mimi sitaandika hivyo, kwa sababu changu kilikuwa na ladha, na nilikaa nayo kinywani mpaka magharibi.

Nilipofungua pazia alikuwa amekaa, gunia limo mapajani mwake. Vidole vyake vilikuwa kwenye fundo, lakini hakulifungua.

"Alifunga yeye?" akauliza.

"Alifunga yeye."

Akaliweka chini kwa mikono miwili. Akaenda mpaka kwenye kisima, akaona alichokwisha kukisikia, akapita kwenda zake. Viatu alivisahau. Wifi ndiye aliyempelekea, na kwangu hakurudi kwa muda. Aliporudi alikaa mbali kidogo nami kuliko zamani, na sasa ni hivyo. Hiyo ni hasara yangu, naiweka hapa na nyingine.

Palipokuwa na mnazi ule nilipanda mfenesi, kama nilivyomwahidi yule binti wa misitu. Umefika magotini. Vyumba vya shemeji vimesimama ng'ambo ya mpaka, vina wapangaji, na kisiki cha mfenesi kimezibwa na sakafu ya choo chao.

Minazi mingine bado ipo. Shemeji huja kuangua, na siku hizi hupiga hodi. Kabla hajamruhusu mkwezi apande, hutazama shina, hutazama ile rangi nyekundu, kisha hutazama nyumbani kwangu. Mvua ya masika iliifubaza, nikanunua kopo dogo hapo Msambweni, nikaipitia upya, shina kwa shina.

Kibali kilikwisha muda wake zamani. Leo nikitaka kukata hata mmoja itanibidi nianze upya kwa chifu. Shemeji hajui. Akiniuliza nitamwambia, siwezi kumdanganya.

Hajauliza.